Taa Ikijiwasha Yenyewe Sumbawanga Usiseme Uchawi, Usiseme Jiniasi. Uliza Bei!

Wadau, ile klipu mnaijua. Kama hujaiona ya juzi, uliiona ya mwaka jana, na ni ileile tu. Dogo kavaa koti zito maana baridi ya Ufipa haina utani. Kasimama kwenye chumba kilichojaa waya kila kona, pembeni gunia la mahindi. Anabonyeza simu, taa inawaka. Anapiga makofi mara mbili, redio inazima. Anaifunika sensa kwa kiganja, taa ya nje inajiwasha yenyewe. Anacheka kwa aibu, klipu inaisha.

Halafu sasa shuka kwenye komenti.

Kambi ya kwanza ikishaona neno Sumbawanga tu, imemaliza. "Huyo hajatumia waya, katumia bibi yake." "Hiyo ni Wi-Fi ya ungo, haihitaji bando." Watu wanacheka, wanawatag washkaji, wanasonga mbele.

Kambi ya pili inajiona ina akili zaidi. "Huyu dogo ni jiniasi! Angezaliwa Ulaya angekuwa mbali sana." "Serikali imuone." Moto, makofi, bendera ya taifa. Nao wanasonga mbele.

Kiukweli kambi zote mbili zimefanya kosa lilelile. Hakuna aliyemwita kijana kwa jina lake halisi, ambalo ni fundi. Mchawi anaogopwa, jiniasi anasifiwa, na wote wawili hawalipwi. Ni fundi peke yake anayeulizwa "shilingi ngapi?" Na hilo ndo swali ambalo dogo wa Sumbawanga hajawahi kuulizwa kwenye komenti elfu moja.

KILICHOMO NDANI YA LILE BOKSI

Kwenye muvi za Kimarekani mgunduzi huwa na chumba cha chini ya ardhi, kikubwa, chenye meza ndefu na taa nzuri. Nyumba za Kizwite, Majengo au Katandala hazina vyumba vya chini. Karakana ya dogo ni stoo. Anagawana nafasi na magunia ya mahindi, baiskeli mbovu na ndoo za bibi. Vifaa vyenyewe ni redio zilizokufa, UPS iliyotupwa na ofisi fulani, chaja za simu, testa moja, mita moja ya kupimia umeme na chuma cha kulehemu. Vibao vipya anaagiza Kariakoo, vinapanda basi kupitia Mbeya na Tunduma mpaka vifike. Akiunguza kimoja kwa shoti, anaanza upya kukusanya hela.

Na ile taa inayojiwasha? Kuna kijidude kidogo kama kifungo cha shati, hiyo ndo sensa ya mwanga. Mwanga ukiipiga, inapitisha umeme kirahisi. Giza likiingia, inabana. Badiliko hilo dogo linaiamsha transista, nayo transista inaiamsha rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku badala ya kidole, na ule mlio wa "tak!" unaosikika kwenye klipu ndo yenyewe. Upande mmoja wa rilei kuna volti 5 au 12 ambazo hata kukutekenya haziwezi. Upande wa pili kuna volti 230 ambazo zinaua. Sehemu kubwa ya ufundi ni kuhakikisha pande hizo mbili hazikutani kamwe.

Ya simu nayo haina maajabu. Vibao vya Arduino vilianzia Italia mwaka 2005, vikiwalenga wanafunzi ambao hawakuwa wataalamu wa elektroniki. Mwaka 2014 ikaja chipu ndogo ya Kichina inayoitwa ESP8266, ikashusha sana gharama ya kuunganisha kitu chochote na Wi-Fi. Tangu hapo kijana yeyote mwenye simu, subira na bando la kuangalia video za mafunzo anaweza kuwasha taa akiwa kitandani. Nairobi wanafanya, Lagos wanafanya, Mumbai wanafanya. Akifanya wa Sumbawanga, eti ungo.

UTANI WA RADI UNA GHARAMA

Tuache utani kidogo. Maana ya jina Sumbawanga inayotajwa sana ni "tupa uchawi", yaani acha mambo hayo huko kabla hujaingia mjini. Ajabu ni kwamba mji ulioitwa kwa kuukataa uchawi ndo umebebeshwa vichekesho vyote vya uchawi nchini. Na kichekesho namba moja ni radi. Ukikosana na mtu wa Rukwa, eti anakutumia radi kama anavyokutumia meseji.

Radi haitumwi na mtu. Ufipa ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na msimu wa mvua mawingu ya ngurumo yanajengeka juu yake haswa. Radi ikipiga karibu na nguzo au waya wa umeme, msukumo wa ghafla unasafiri mpaka sebuleni, unaunguza TV, king'amuzi na friji. Mwenye nyumba akiamini ametumiwa, anatafuta wa kumlaumu na kesho yake analala palepale, kwenye nyumba ileile isiyo na waya wa ardhini. Fundi angemwambia mambo matatu ya kawaida kabisa: kagua kama waya wa ardhini upo na unafanya kazi, funga kifaa cha kuzuia msukumo wa umeme kwenye meni swichi, na wingu likianza kunguruma chomoa vitu ukutani, maana hakuna kifaa kinachohimili radi ikipiga nyumba moja kwa moja.

Hapo ndo utani unapoingia gharama. Kila mtu anapocheka "radi ya kutumwa", kuna kazi halali ya fundi inayokufa, na kuna familia inayokaa kwenye hatari ambayo dawa yake inajulikana.

UFIPA ILISHAWAHI KUWA NA MAFUNDI WA HATARI

Wengi wa kizazi cha TikTok hawajui kwamba uwanda huu ulisifika kwa ufundi mgumu kuliko wa kuwasha taa kwa simu. Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma. Walijenga tanuru la udongo, refu kumzidi mtu mara moja na nusu hivi, linaloitwa ilungu. Lile tanuru halikupulizwa kwa mivukuto. Lilikuwa na matundu chini, moto ukawa unajivutia hewa wenyewe kama bomba la moshi. Kilichotoka humo kilikwenda kwenye tanuru dogo, hapo ndo mivukuto ikafanya kazi ya kukisafisha, kisha mhunzi akafua majembe na mashoka.

Sasa sikia hii. Mafundi wale walizungukwa na dawa na miiko mingi. Kuyeyusha chuma hakukuwa kazi ya kila mtu, na siri zake zilibaki kwa wachache. Ila kuna tofauti moja kubwa na leo: pamoja na dawa zote, watu walitoa mali kupata lile jembe. Walimwogopa fundi na wakamlipa. Fundi akala, akamfundisha mwanawe, ufundi ukaendelea.

Ulipokufa, haukuuliwa na uchawi. Majembe ya bei rahisi yaliingia kutoka ng'ambo, wateja wakahama, na katika karne ya 20 matanuru yakazimika. Ujuzi ukabaki kwenye vichwa vya wazee wachache, na wazee wakaondoka nao. Leo malungu yaliyobaki ni magofu, watu wanapita wanadhani ni vichuguu.

Hicho ndo kinachomsubiri dogo wa kwenye klipu. Matusi ya mitandaoni anayavumilia, keshayazoea. Kukosa mteja ndo kutamtoa kwenye ufundi. Atafika umri wa kuoa, atauza ile mita, atanunua bodaboda, na sensa zake zitabaki kwenye ndoo ya bibi.

"ANGEKUWA ULAYA" NI NJIA YA KUKWEPA

Watu wa kambi ya pili wanapenda kumtaja William Kamkwamba wa Malawi, yule wa kinu cha upepo. Sawa, atajwe, ila atajwe vizuri. Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akasoma vitabu vya maktaba ya kijijini, akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na miti. Wapo waliomwona kichaa. Mwaka 2007 alipanda jukwaani Arusha, hapahapa Tanzania, kwenye mkutano wa TED, na baadaye kikaja kitabu, kisha muvi ya 2019.

Kinachorukwa kila mara kwenye simulizi ni hiki: kabla ya kinu, Kamkwamba na ndugu yake walikuwa mafundi redio. Na kinu kilipowaka, majirani walikuja kuchaji simu. Yaani alishakuwa na kazi mkononi na watu wenye shida halisi mlangoni. Na baada ya Arusha, msaada uliombadilishia maisha haukuwa makofi, bali ada ya shule na vifaa. Alimaliza chuo Marekani mwaka 2014.

Hapa Bongo nako umaarufu wa namna hii si mgeni. Mwaka 2022 mchora katuni na mtangazaji mmoja mkubwa tu alizindua gari la umeme, mitandao ikalipuka. Njombe wazee waliozalisha umeme wa maji wakawasha vijiji walishangiliwa nchi nzima. Serikali nayo tangu 2019 ina mashindano ya ubunifu yanayoitwa MAKISATU, na si jambo baya. Lakini mashindano yana wiki moja, mwaka una wiki hamsini na mbili. Wiki hizo nyingine dogo anakula nini?

"Angezaliwa Ulaya" inasikika kama sifa, kumbe ni njia ya kujitoa. Inasema kosa ni la jiografia, kwa hiyo mtoa komenti hadaiwi kitu. Na huyohuyo, usiku huo, taa ya geti lake imekufa wiki ya tatu na hajamtafuta fundi yeyote.

KAZI IPO, NA SI YA KUPIGA MAKOFI TAA IZIMIKE

Ukweli mwingine ambao mashabiki hawausemi: nyumba za Sumbawanga hazina shida ya taa ya kupiga makofi. Hicho ni kionjo cha klipu. Shida za kweli ziko kwingine, na ndo pesa iliko.

Chukua mama anayefuga kuku Laela au Matai. Ana mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai ya kuku yanataka joto la nyuzi 37.5 hivi, unyevu wa kutosha na kugeuzwa mara kadhaa kwa siku, kwa siku 21. Umeme ukikatika usiku wa Julai, Ufipa ikiwa imeganda, mama amelala hajui lolote. Asubuhi mashine ni ya baridi na vifaranga vimefia ndani ya yai. Siku 18 za kazi zimekwenda na umeme.

Rukwa kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, umeme wa Sumbawanga ukivutwa kutoka Zambia, kwa hiyo habari ya kukatika kwa umeme wenyeji hawafundishwi. Dogo wa stoo anaweza kumfungia yule mama sensa ya joto, betri ya akiba, na kijisaketi chenye laini ya simu kinachompigia umeme ukizima au joto likishuka. Simu ikiita saa nane usiku mama anaamka, anawasha jiko la mkaa karibu na banda, anaokoa mayai. Hakuna Wi-Fi hapo, hakuna apu, hakuna makofi. Klipu yake ingeboa kinoma. Ila mama angelipa, na angemwambia shoga yake, naye angelipa.

Zipo nyingine: pampu ya kisima inayojizima tenki likijaa, feni ya ghala la mahindi inayowaka unyevu ukizidi, taa ya sola inayolinda zizi. Hiyo ndo nyumba inayojiendesha, kwa hali ya Rukwa.

KARIAKOO WANAUZA RAHISI ZAIDI?

Mjuaji mmoja atasema: mbona swichi za simu zimejaa Kariakoo, zina boksi zuri, bei chee? Hoja hiyo ina uzito. Kwa taa moja ya sebuleni, nunua tu ya dukani, hakuna haja ya kumsumbua mtu.

Lakini swichi nyingi za namna hiyo hutegemea seva ya kampuni iliyo mbali kabisa. Intaneti ikikata, apu inazunguka tu. Kampuni ikifunga huduma, umebaki na kipande cha plastiki ukutani. Ikiungua, hakuna wa kuifungua. Ya fundi wa mtaani inaweza kufanya kazi bila intaneti, na ikifa unajua mlango wa kugonga. Majembe ya ng'ambo nayo yalikuwa rahisi. Shida ilikuja baadaye, pale ambapo hakubaki mtu wa kutengeneza lolote.

NA FUNDI NAYE AACHE MAMBO YAKE

Wateja wana kosa, lakini mafundi nao si malaika. Fundi wa Kibongo ana siku tatu kwenye kalenda: kesho, kesho kutwa, na "niko njiani bosi". Anafuta namba kwenye chipu ili asiigwe. Anamwaga gundi juu ya saketi, akihama mji na kifaa kimekufa, maana hakuna mwingine anayeelewa kilichomo. Halafu analalamika anaitwa mchawi! Ukifanya kazi kwa siri, watu watajaza wenyewe nafasi ya maelezo.

Mbaya zaidi ni usalama. Rilei ya kawaida imeandikwa ampea 10. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9, na mota ya pampu inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Dogo akifunga pampu kwenye kijirilei cha taa, siku moja kitaganda au kitawaka moto, na moto hauulizi kama wewe ni jiniasi. Kazi za volti 5 na 12 acheze nazo stoo mpaka achoke. Zikifika za volti 230 ukutani mwa mtu, sheria inataka fundi mwenye leseni ya EWURA, na sheria hiyo haijawekwa kumkomoa. Dogo ashirikiane na mwenye leseni, au asome VETA aipate yake. Hapo hata mteja mwoga anatulia.

Aweke na mambo madogo yanayomtenga fundi na mpiga ramli: bei ya kueleweka, risiti, muda wa matazamio wa mwezi mmoja, na mchoro wa saketi uliobandikwa ndani ya mfuniko wa boksi. Mpiga ramli hawezi kukuonyesha mchoro. Fundi anaweza, na akishauonyesha, utani wa ungo unakosa pa kukaa.

Kwa hiyo wadau, klipu ijayo ya Sumbawanga itakapopita, na itapita tu, wa ungo watakuja na ungo wao, wa Ulaya watakuja na Ulaya yao. Atakayekuwa amemsaidia dogo ni yule mmoja atakayeandika chini kabisa, bila moto wala bendera: "Mkuu, hiyo ya kupiga simu umeme ukikatika ni bei gani, na ikizingua unakuja?"